Chukudu ya sanamu na chukudu ya barabarani

Kwenye mzunguko wa barabara uitwao Rond-Point Tchukudu mjini Goma, mashariki mwa Kongo, sanamu ya mwanaume wa rangi ya dhahabu iko na chukudu yake, kigari cha mbao cha kusukuma mizigo, mchana na usiku, wala hakuna anayeiambia iondoke. Mwenzake aliye hai, aliyeshuka alfajiri kutoka kijiji cha Kibumba na magunia ya viazi, akisimama kupumua anaonekana kizuizi.

Wanaotaka chukudu zitolewe katikati ya mji wana hoja isiyofaa kubezwa. Chukudu ni mbao za mkaratusi na magurudumu ya mbao yaliyovishwa mpira wa tairi kuukuu. Ikiwa imebeba mamia ya kilo kwenye mteremko, mtoto akikatiza ghafla haisimami upesi. Wamotari, waendesha pikipiki, wana haki ya kuogopa, na anayetembea kwa miguu ana haki zaidi.

Lakini tazama anayesukuma ni nani. Wengi ni vijana wa maeneo ya Rutshuru, Masisi na Nyiragongo, waliong'olewa shambani na vita au uhaba wa ardhi. Hawana duka wala parsele, yaani kiwanja. Kona ya barabara ndiyo kazini kwao: hapo wanasubiri mteja, wanapatana bei, wanaulizana habari za kijijini, wanacheza likilimba, mchezo wa kuchangiana pesa kwa zamu. Na mji wameujenga wao pia. Lava ya volkano ya Nyiragongo ilipopita katikati ya Goma hadi ziwani, Januari 2002, watu walijenga upya juu ya mawe yaleyale. Mchanga, mbao na makala ya kupikia vinavyofika kwenye vichochoro ambavyo gari haliingii, chukudu ndiyo inavifikisha.

Ubishi huu, hata hivyo, ni wa wanaume. Kuna mama wanaobeba magunia mgongoni, kamba imekaza kwenye paji la uso, wakipita mtaa wa Birere kuelekea mpaka wa Gisenyi, upande wa Rwanda. Hawana gurudumu, hawana sanamu. Mama kama huyo akichoka huegemeza mzigo kwenye ukuta wa mtu, huku akihofia mwenye ukuta asije akamfokea.

Sikubali kwamba lazima tuchague kati ya usalama na riziki. Kufukuza kunahamisha tu hatari hadi kona inayofuata. Barabara ya Kibumba itengewe ukingo mpana wa chukudu, na karibu na soko la Virunga kiwekwe kiwanja cha kupakulia. Tutaambiwa nafasi haipo. Basi tuanze na kidogo. Mawe ya lava yamejaa kila mtaa: ujengwe ukuta mfupi, kimo cha kiuno, mama atue mzigo wake hapo na kuubeba tena bila kumwomba mtu amtwike.