Daktari wa Watoto Njiti na Bei ya Kanula

Katika wodi ya watoto wachanga mahututi, iwe hapa Tanga au kwingineko, kila zamu ina maamuzi mengi ya gharama ambayo hayaitwi hivyo: kufungua kanula nyingine (mrija mwembamba wa kupitishia dawa kwenye mshipa), kurudia kipimo, kubadili dawa. Tafiti za nchi mbalimbali zimeonyesha kuwa madaktari hukosea kukadiria bei za dawa. Zilizo rahisi huzidhania ghali, na zilizo ghali huzidhania rahisi. Je, wafundishwe bei hizo?

Wanaosema ndiyo wana hoja nzito. Sera ya Afya ya mwaka 2007 inamsamehe mtoto wa chini ya miaka 5 malipo katika vituo vya umma, lakini msamaha hauondoi gharama, unaihamisha tu. Kanula zikiisha stoo, baba aliyekuja kwa basi kutoka Pangani au Handeni huandikiwa karatasi akanunue duka la dawa la nje. Tena zipo gharama zisizo za fedha. Njiti wa kilo 1 ana damu ya mililita 80 hadi 90 hivi mwilini mwote, chini ya nusu ya kikombe cha chai. Kipimo kinachorudiwa kwa sababu majibu ya jana hayaonekani kwenye faili kinachota katika kikombe hicho hicho, na damu ikipungua mno itabidi aongezewe. Hapo kubana matumizi na kutibu vizuri ni kitu kimoja.

Hata hivyo, wanaopinga wanaogopa jambo la kweli. Saa nane usiku mtoto ameacha kupumua, na muuguzi anayempulizia hewa hapaswi kuwa na hesabu kichwani. Kinachonitia hofu zaidi ni huruma potofu: mama akionekana hana kitu, mtaalamu akamchagulia mwanawe kilicho rahisi bila hata kumweleza. Upo pia ubanaji wa hasara. Ukimwekea njiti oksijeni bila kifaa cha kupima kiwango chake kwenye damu, umeokoa fedha leo na huenda oksijeni iliyozidi imemharibia macho maisha yake yote.

Wengi hutaja huduma ya kangaruu, yaani mama kumbeba mtoto kifuani ngozi kwa ngozi, kama jibu la bei nafuu. Ni kweli kwamba utafiti uliochapishwa mwaka 2021, ukihusisha nchi 5, Tanzania ikiwamo, ulionyesha kuwa kuianza mara baada ya kuzaliwa kunapunguza vifo kwa takriban robo. Lakini mama huyo anahitaji kitanda, chakula na mtu wa kumwangalizia watoto aliowaacha nyumbani, na hesabu hiyo haimo katika daftari la hospitali.

Kwa maoni yangu bei zijulikane, ila zijadiliwe mbali na kitanda cha mtoto: katika kikao cha asubuhi, wakati wa kuagiza vifaa na wakati wa kuandika mwongozo wa vipimo. Orodha ya bei ibandikwe kwenye mlango wa stoo, na trei ya dharura ibaki bila bei yoyote.