Mgongo Haufungwi Hogo

Hivi ni nani aliyewafundisha watu wa mji huu kwamba ugonjwa si ugonjwa mpaka uwe na bandeji? Naomba anyooshe mkono nimwone. Wangu mimi sinyooshi, maana ukipita bega kuna kitu huku kiunoni kinaitika.

Nimeshuka kwenye daladala sasa hivi, jasho halijakauka. Heshima yote niliyoanza kuikusanya tangu natoka jando imebaki humo ndani, na gari limeshaondoka nayo kwenda Kariakoo.

Habari ya mgongo wenyewe haina urefu. Maji yalikatika, tunakaa ghorofani, dumu ni la lita 20, na ngazi ni zile ambazo fundi alijenga kila moja kwa kimo chake. Mengine mnayajua. Dumu lilifika chini kabla yangu, salama salimini, hata kifuniko hakikufunguka. Niliyefunguka ni mimi. Majirani wakatoka mbio, na swali la kwanza kuulizwa, nikiwa bado nimelala pale chali naangalia mbingu, lilikuwa: "Maji yamemwagika?"

Hospitali nikapigwa picha. Daktari akaisoma, akaniambia pingili zote 5 za kiuno zimehudhuria na kila moja imekaa mahali pake. Anachoshuku ni diski, ile nyama ngumu inayokaa kati ya pingili na pingili, kwamba moja ya huko chini imechomoza ikagusa mshipa wa fahamu. Ndiyo maana maumivu yanapandia kiunoni, yanateremka kwenye tako, yanapita nyuma ya paja mpaka unyayoni, safari yote hiyo bila nauli. Na picha ya kawaida diski haioni. Inayoiona ni MRI, ile picha ya mashine ya sumaku, ambayo bei yake nilipotajiwa nilijisikia nafuu palepale.

Kisha akaniuliza, mbele ya wanafunzi wa udaktari waliojipanga na madaftari yao, kama mkojo bado ninautawala.

Nikajibu kwa sauti ya mwenyekiti wa kikao: "Mpaka sasa hakuna malalamiko."

Akasema hatanii. Siku nikishindwa kuzuia haja, ndogo au kubwa, au nikipata ganzi pale ninapokalia, au miguu ikianza kulegea, nisingoje kukuche, nije usiku huohuo. Wanafunzi wakaandika. Mmoja wao ni binti wa mtaani kwetu. Tangu siku hiyo akinipita ananiamkia vizuri tu, "Shikamoo baba," lakini macho yako kwenye suruali.

Basi nikadhani angalau nitafaidi ugonjwa. Zamani mtu wa mgongo alikuwa anaambiwa alale, tena alale haswa, uji unamfuata kitandani. Siku hizi wamebadilisha. Kulala sana kunaukaza mgongo, nikaambiwa, kwa hiyo tembea, fanya shughuli ndogondogo, usijifungie. Taarifa hiyo ilimfikia Mama Zuhura kabla sijafika nyumbani, sijui kwa njia gani. Nilikuta kapu mlangoni. "Daktari kasema utembee," akaniambia. "Sokoni ni huko."

Na hapo upande wa pili wa uchochoro yuko kijana wa bodaboda aliyevunjika mguu. Kafungwa hogo jeupe, refu, linaonekana tangu barabara kuu. Huyo ni mgonjwa anayetambulika! Watoto wamemwandikia majina yao kwenye hogo, wengine wamechora maua. Supu ya makongoro inaingia kwake asubuhi na jioni. Akitoka uani viti vitatu vinasogezwa. Na hogo lake lina tarehe ya kukatwa, anajua siku atakayokuwa mzima. Mimi nikiuliza tarehe yangu naambiwa "taratibu". Kuna siku nilimwangalia mguu ule nikajikuta namwonea wivu, nikaondoka haraka kabla Mungu hajasikia.

Sasa la leo.

Kituo cha Rangi Tatu, kule Mbagala, asubuhi mnapajua, sina haja ya kusema wanaoingilia dirishani ni akina nani na wanavaa tai gani. Mimi madirisha siyawezi tena, kwa hiyo nililipia kugeuza na gari, yaani nikalipandia kabla halijafika kituoni. Nikapata siti, ya halali, karibu na mlango, nikakalia tako moja kwa sababu la pili limesimamishwa kazi. Nimevaa Kaunda suti yangu ya kijivu, bahasha ya kaki mapajani, nimetulia.

Mtongani akapanda mama mmoja kabeba mtoto mgongoni na ndoo mkononi. Gari zima likalala ghafla. Sijapata kuona usingizi ule. Siti ya mbele yangu alikuwepo kijana mwenye kifua cha mbeba zege, alianza kukoroma hapohapo, na huku dole gumba linaendelea kuchati. Konda akazungusha macho, akaona mwenye macho wazi ni mmoja.

"Mzee wa Kaunda, mpishe mama akae."

"Konda mwanangu," nikasema kwa upole, "ningempisha kwa moyo mmoja. Naumwa."

"Unaumwa nini?"

"Mgongo."

Wale waliolala wote wakaamka ili wacheke.

"Migongo na sisi tunayo!" konda akasema. "Mimi nasimama hapa mlangoni tangu saa kumi alfajiri, umesikia nimekuja kukuomba siti?" Bibi mmoja huko nyuma, wa kuheshimika, kajitanda khanga mpaka kwenye paji la uso, akasema kwa sauti ya kuhubiri kwamba mgongo wa mwanamume hauumi bure, aulizwe alikuwa wapi usiku. Nikataka kumwambia bibi, usiku nilikuwa najaribu kugeuka upande wa kushoto. Lakini nani angenisikia?

Nikaona hapa panahitaji ushahidi. Nikafungua bahasha, nikatoa picha.

Ikanyakuliwa. Ikapanda kwenye dirisha la kulia ikamulikwa na jua, ikahamia la kushoto, ikaenda siti ya nyuma, ikarudi. Mmoja akauliza mbona kama samaki changu aliyekwisha kuliwa. Mwingine akasema huyo mzima kabisa, mjomba wake ndiye alikuwa na mgongo, na kafa. Dada mmoja wa miwani, niliyemtegemea kwa sababu alionekana msomi, akaweka kidole kwenye vidoa vyeusi tumboni akauliza hivi ni nini. Mzee mmoja wa jirani yake, aliyejitambulisha kwamba aliwahi kufanya kazi hospitali ila hakutaja kazi gani, akasema: "Hewa hiyo."

"Hewa gani?"

"Gesi. Mzee wa watu ana gesi."

Madirisha matatu yakafunguliwa.

Konda akaipokea picha, akaiangalia, kichwa chini miguu juu, akatoa hukumu. "Mifupa imenyooka kuliko barabara hii tunayopita. Mzee, simama."

Nikacheza karata ya mwisho. Nikawaambia kwamba Shirika la Afya Duniani limetangaza kuwa mwaka 2020 duniani kulikuwa na watu milioni 619 wenye maumivu ya kiuno, na kwamba hakuna ugonjwa unaowatia watu wengi ulemavu kuupita huo. Aliniambia yule anayenifanyisha mazoezi tiba, nikaishika kichwani kwa ajili ya siku kama hii.

Kimya. Nikajua nimeshinda.

"Wote hao," kijana mmoja akauliza, "wanapanda gari la Mbagala?"

Watu milioni 619, na hakuna hata mmoja aliyekuwemo kwenye gari lile kunipa msaada wa sauti.

Nikaanza kusimama. Kusimama kwangu siku hizi kuna utaratibu: kwanza nasogea ukingoni, pili nashika bomba, tatu nasoma dua, nne napeleka kifua mbele na kuomba kiuno kifuate. Nilipofika hatua ya tatu dereva akaruka tuta la Aziz Ali bila taarifa. Nikasikia huko chini kama mtu kafyatua swichi, nikaganda. Si kusimama, si kukaa. Pua yangu ikawa sawa na goti la mbeba zege, na wala sikuwa na uwezo wa kuibadilishia anuani.

Ndipo wakaamini. "Jamani mzee kweli anaumwa!" Siti nikapewa na watu wanne kwa mpigo. Yule bibi wa khanga akainuka mwenyewe. Kilichobaki ni kwamba sikunjiki tena, hata wangenipa gari zima. Nikasimama vile nilivyoinama, naongea na sakafu. Na kila aliyecheka mwanzo akageuka tabibu. Mafuta ya nyonyo, usiku, uyapashe moto kidogo. Hapana, akandwe kwa maji ya chumvi. Pigwa chuku, damu chafu itoke. Mwarobaini. Mafuta ya simba, ila uyapate ya kweli, ya Kariakoo wanachanganya. Lala sakafuni. Mtafute mtoto aliyezaliwa kwa kutanguliza miguu akukanyage hapo kiunoni mara saba. Mbeba zege akajitolea kunikanyaga yeye, bure, hapohapo, akaanza kuvua viatu.

Tulipofika Uhasibu yule mama mwenye mtoto akashuka. Hakuwa amekaa hata dakika moja; siti yangu ilikuwa imewekewa ndoo. Akanigusa bega, akasema, "Pole baba, mimi wala sikuomba siti."

Sasa jamani. Kweli nimekaa nacheka na ninyi hapa, lakini inachosha. Kazini nilipewa ED, ile ruhusa ya mgonjwa kupumzika, ikaisha, mgongo haukusoma tarehe. Nilipoomba nyongeza bosi akaniambia kuna watu wameniona natembea. Nimeambiwa na daktari nitembee! Nikilala mimi mvivu, nikitembea mimi mwongo, nikikaa ndiyo maumivu yenyewe. Mnataka nikae wapi, nijitundike kwenye msumari kama kanzu? Saa tisa usiku hakuna konda wala bosi wala bibi wa khanga, niko mimi na kitanda, na kugeuka kutoka ubavu huu kwenda ubavu ule ni shughuli ya kupangiwa ratiba, naiahirisha mpaka adhana. Ningekuwa na kovu ningelionyesha. Nimebaki kujieleza kila ninapokwenda, na mtu anayejieleza sana huwa anaonekana anadanganya.

Dawa za maumivu nazo zina masharti. Ile diklofenaki lazima ikute umekula. Isipokuta chakula inaanza na tumbo lenyewe. Kwa hiyo nanunua chapati mbili ili kidonge kisinidhuru, na mwisho wa mwezi dawa ni rahisi kuliko chapati. Mchuaji alikuja mara moja, nilimrudisha mwenyewe nikitambaa. Msibani nako hakuendeki: ukienda unaonyeshwa mkeka, ukiomba kiti wafiwa wanakutazama kama umekuja kuzindua mradi.

Lakini yote tisa. Adui yangu mkubwa siku hizi ni sakafu. Kitu chochote kikinidondoka, tumeagana. Kuna funguo za kabati, kuna kalamu, kuna kitana, kuna soksi moja ambayo mwenzake naivaa na soksi nyingine ya rangi tofauti, na nikiulizwa nasema ni fasheni. Nakaa kwenye kochi naviangalia, navyo vinaniangalia. Kuna shilingi 500 nzima, ya sarafu, chini ya meza ya televisheni. Nimejaribu kuivuta kwa mwiko, nikaisukuma ndani zaidi.

Kijana wangu wa darasa la tatu ameliona hilo mapema kuliko wachumi wote wa nchi hii. Mwanzo alikuwa anaokota kwa adabu, "Hii hapa baba." Baadaye akaanza kuokota akiwa amenyoosha kiganja cha pili. Sasa ana bei. Kitu kidogo shilingi 50, kitu kikubwa 100, kitu kilicho chini ya kitanda maelewano. Mama yake anasema anajifunza kujitegemea. Ile sarafu ya 500 nilimwita nikamwambia aitoe, akalala kifudifudi akachungulia, akauliza nalipa kiasi gani. Nikamwambia 100. Akasema hiyo ilikuwa ya wiki iliyopita.

"Sasa ni ngapi?"

"Mia tatu."

"Kwa nini?"

Akajipangusa vumbi magotini, akaniangalia kwa huruma kabisa. "Mafuta yamepanda, baba."