Lisa Simpson alitaka kusahihishwa

Kuna kipindi kimoja cha katuni ya The Simpsons ambacho ningependa kila mwalimu wa hesabu akitazame, na kila mzazi mwenye binti pia. Kilirushwa Marekani Aprili 2006, katika msimu wa 17. Mwalimu mkuu Skinner anateleza ulimi mbele ya umati. Mwanamke aliyesoma shuleni kwake anasema kwamba kwenye hesabu aliwahi kupata B, naye Skinner anajibu kuwa hilo halishangazi, kwani alikuwa msichana. Watu wanakuja juu. Kila akijitetea anazidi kuharibu, mpaka ananyang'anywa shule.

Hayo hayakutoka hewani. Januari 2005, Lawrence Summers, rais wa Chuo Kikuu cha Harvard wakati huo, aliwaambia wanazuoni mkutanoni kwamba wanawake ni wachache kwenye ngazi za juu za sayansi huenda kwa sababu, miongoni mwa nyingine, ya tofauti za kipaji cha kuzaliwa. Nancy Hopkins, mwanabiolojia wa MIT, chuo kikuu kingine cha Marekani, aliinuka akatoka ukumbini. Al Jean, aliyekuwa akiiongoza katuni hiyo, mwenyewe alisoma hisabati Harvard.

Ila mtu wa kutisha humu, kwangu mimi, si Skinner. Ni Melanie Upfoot, mama anayeletwa kuchukua nafasi yake. Anaigawa shule, wavulana huku, wasichana kule, kisha anasimama mbele ya wasichana na kuwauliza namba zinawafanya wajisikie vipi, na alama ya kujumlisha inanukiaje. Lisa, msichana mwenye akili wa katuni hiyo, anauliza kama watafanya hesabu zenyewe. Anajibiwa kwamba kuiona hesabu kama tatizo la kushambuliwa na kutatuliwa ni mtazamo wa kiume.

Skinner anawaambia wasichana hawawezi. Upfoot anaamini vivyo hivyo, ila kwa tabasamu, tena akidhani anawatetea. Skinner unaweza kubishana naye. Kwa Upfoot mtoto anashukuru, anasifiwa, na miaka inapita hajui kutafuta thamani ya x.

Upole wa namna hii tunao hata kwetu. Binti analeta mtihani wa hesabu wenye alama nyekundu tupu, na mama yake anambembeleza: "Usijali mwanangu, hata mimi hesabu zilinishinda, utachukua mchepuo wa sanaa." Kaka yake akileta karatasi kama hiyo anatafutiwa mwalimu wa tuisheni wiki hiyohiyo. Mama huyo anampenda binti yake, sina shaka. Lakini amemfungia mlango kwa mapenzi hayohayo.

Lisa, akisaidiwa na mama yake Marge, anavaa kivulana na kuingia upande wa pili kwa jina la Jake Boyman. Huko anatoa jibu, anaambiwa amekosea, na anafurahi. Mwalimu mzuri wa hesabu atauelewa uso ule. Chukua swali jepesi: namba ipi ikizidishwa kwa yenyewe inaleta 25? Mtoto anasema 5. Anayemlea kama yai atampigia makofi. Anayemheshimu atamwambia bado, kuna hasi 5 pia, na hapo ndipo mtoto anapoanza kuona kwamba upande wa pili wa sifuri kuna namba zinazofanya kazi.

Sophie Germain, mwanahisabati wa Ufaransa aliyezaliwa 1776, alifanya kama Lisa kweli: aliwaandikia wanahisabati wakubwa wa zama zake, Lagrange na baadaye Gauss, kwa jina la kiume la LeBlanc. Mwaka 1811 aliwasilisha kazi yake kwa Akademia ya Sayansi ya Paris kuhusu mitetemo ya bamba. Ilikuwa na makosa, kwa sababu hakuwahi kupata masomo rasmi ambayo wanaume wa kiwango chake walipewa. Lagrange aliurekebisha mlinganyo. Germain akarudi na kazi nyingine, akarudi tena, na 1816 akapata tuzo.

Mwisho wa kipindi kile ndipo ninapogombana na waandishi. Lisa anashinda tuzo ya hesabu, anajifichua, anataka kusema wasichana wanaweza. Kaka yake Bart anadakia kwamba ameshinda kwa kuwa alifundishwa kufikiri kama mvulana, na Lisa hapewi nafasi ya kumaliza hoja yake. Najua waandishi waliogopa kusimama upande wowote. Lakini walikuwa wameshatuonyesha sababu ya ushindi wake: upande ule palikuwa na hesabu, upande huu hapakuwa na kitu. Wangemwacha aseme.

Wala kitendo cha kuwatenganisha wasichana peke yake siko tayari kukilaumu. Maryam Mirzakhani, mwanamke wa kwanza kupata Medali ya Fields, tuzo kubwa ya hisabati duniani, 2014, alisoma shule ya wasichana watupu jijini Tehran. Yeye na rafiki yake walikwenda kwa mwalimu mkuu wakataka madarasa ya kutatua maswali magumu kama yaliyokuwapo kwenye shule ya wavulana ya hadhi yao. Mwalimu mkuu huyo, mwanamke, hakuwauliza namba zinawafanya wajisikie vipi. Aliyaanzisha madarasa. Mirzakhani akaenda kwenye olimpiadi ya kimataifa ya hisabati 1994 akarudi na dhahabu, na mwaka uliofuata akarudi na nyingine, safari hii bila kukosa alama hata moja.