Paka dume hashiki mimba

Paka wangu alikuwa dume, lakini majirani zangu hapa Busia walikubaliana kwamba ana mimba. Tumbo lilikuwa limejaa kama ngoma huku mgongo ukibaki mifupa mitupu. Akiwekewa mukene, wale dagaa wadogo, ananusa tu, anageuka. Nilipomkumbusha mama wa nyumba ya pili kwamba huyu ni dume, hakusita: "Basi amerogwa."

Nikamtia kikapuni, mbio hadi duka la dawa za mifugo. "Ndugu yangu, sisi hapa tunatibu ng'ombe," daktari akaniambia, lakini akamminya tumbo na kumpa dawa ya minyoo, kipimo cha kukadiria kwa macho. Siku ya nne paka akafa. Alikuwa na miezi 11.

Sikupata jibu la maabara, ila dalili zile zinafanana mno na FIP, ugonjwa wa paka unaowajaza maji tumboni. Chanzo chake ni kirusi cha korona cha paka, kisichompata binadamu. Paka wengi wanaoishi pamoja wanacho tumboni na hakiwadhuru. Kwa wachache kinajibadilisha, kinaingia kwenye chembe za kinga, mishipa ya damu inavimba na maji ya manjano yenye kunata yanajaa tumboni au kifuani. Wanaopatwa zaidi ni paka wadogo, na zamani karibu wote walikufa.

Zamani, nasema. Mwaka 2019 Niels Pedersen na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walitangaza matokeo ya kuwatibu paka 31 kwa GS-441524, dawa ya kupambana na virusi, ndugu wa karibu wa remdesivir iliyotumika kwa wagonjwa wa Covid. 26 walimaliza wiki 12 za sindano. Mwaka 2024 watafiti wa Munich, Ujerumani, wakawagawa paka 40 wenye FIP ya maji mwilini: nusu walipewa dawa hiyo hiyo ya kunywa siku 84, nusu siku 42. Wa siku 42 hawakuachwa nyuma. Kwa anayelipa kutoka mfukoni mwake, hiyo ndiyo habari kubwa kuliko zote. Na Cyprus, ugonjwa ulipowafyeka paka mwaka 2023, serikali iliruhusu watibiwe kwa vidonge vya Covid vilivyokuwa vimewekwa kwa ajili ya watu.

Najua nitaambiwa: watu wenyewe hawana dawa, wewe unalilia paka! Haya. Mwenye gunia la mahindi ndani na panya darini atanielewa bila maelezo. Wala sidai dawa hizo zijae madukani kesho. Kinachoniudhi ni kwamba hata kile cha bei ya chini hatukifanyi, kwa sababu paka kwetu hahesabiwi kuwa mgonjwa.

Kuna kipimo kinachoitwa Rivalta. Daktari anavuta maji ya tumbo kwa sindano. Kwenye kichupa cha maji safi anatia tone la siki nyeupe, anatikisa, kisha anadondosha juu yake tone la yale maji ya tumbo. Likiyeyuka na kupotea, FIP haielekei kuwapo. Likishikamana, likaning'inia kama kamasi au likazama polepole bila kupoteza umbo, shaka inaongezeka. Si hukumu ya mwisho, maana usaha wa bakteria nao unaweza kulishikamanisha tone. Lakini ni siki! Hiyo hiyo ya kwenye kachumbari.

Hata uzito hakupimwa. Dawa hizi zinapigiwa hesabu kwa kila kilo, na paka wangu nilimpima mwenyewe kwenye mizani ya muuza mukene: kilo 2 na gramu 600, pamoja na maji yake.

Wiki iliyopita nilirudi kwa yule daktari nikamsimulia habari ya siki. Alicheka sana. Halafu akavuta kiti, akaniuliza hilo tone linaning'iniaje hasa.