Umri wa Kilimia: tuulize nyota kubwa au nyota ndogo?

Kilimia kinapochomoza baharini jioni za Novemba, upande wa kaskazini-mashariki, mtu aliyesimama ufukweni Tanga huhesabu nyota sita au saba, ingawa kundi lenyewe lina zaidi ya nyota elfu moja zilizozaliwa pamoja. Kwa muda mrefu umri wake ulitajwa kuwa miaka milioni 70 hadi 100. Siku hizi wengi hutaja milioni 110 hadi 125, na tofauti hiyo chanzo chake ni njia ya kupimia.

Njia kongwe, iliyotoa umri ule mdogo, huzitazama nyota kubwa. Nyota nzito humaliza mapema haidrojeni iliyo kiinini mwake, kwa hiyo uzito wa zile zinazoanza kuchakaa hutuambia kundi limeishi muda gani. Kwa makundi ya zamani yenye maelfu ya nyota sina ugomvi na hoja hiyo. Katika kundi changa, hata hivyo, nyota zilizofikia hatua hiyo ni za kuhesabika. Kwa Kilimia ni zile chache za buluu, Alcyone ikiwamo, na kadhaa kati yake huzunguka kwa kasi inayobadili mwangaza wake kutegemea upande tunaouona, tena ikikiongezea kiini haidrojeni mpya hata nyota ikaonekana changa kuliko ilivyo.

Njia ya pili, ambayo mwanaastronomia Gibor Basri na wenzake waliitumia kwa Kilimia mwaka 1996 kwa darubini ya Keck huko Hawaii, huzitafuta nyota hafifu kabisa. Nyota ndogo hujikaza polepole, na kiini kikifikia joto la nyuzi milioni 2.5 hivi, lithiamu, elementi nyepesi iliyomo ndani yake, huteketea. Zilizo nzito zaidi kidogo hutangulia, kwa hiyo mpaka kati ya nyota zilizoipoteza na zilizobaki nayo huzidi kushuka kwenye nyota hafifu kadiri kundi linavyozeeka.

Wanaoitilia shaka wana hoja: madoa ya sumaku huvimbisha nyota na kuchelewesha uteketeaji huo, na kuukokotoa mwangaza halisi wa mpaka hutegemea umbali wa kundi, ambao setilaiti ya Hipparcos iliukadiria kuwa miaka-nuru 390 hivi, kabla ya setilaiti ya baadaye, Gaia, kuthibitisha takriban 440. Hata hivyo naiamini zaidi lithiamu, kwa kuwa fizikia yake ina makisio machache, nayo ndiyo iliyolipandisha kundi la Alpha Persei kutoka miaka milioni 50 hadi 85 au zaidi. Lakini kwa kundi changa mno, kama lile la Nebula ya Orion lenye miaka milioni chache tu, mpaka huo bado haujajitokeza.