Bunge linapoamua kesi ya viti vyake lenyewe

Katika uchaguzi wa Mei 2019 nchini Ubelgiji, Germain Mugemangango aligombea kiti katika Bunge la Wallonia, mojawapo ya maeneo ya nchi hiyo, akakikosa kwa kura 14. Aliomba kura zilizotajwa kuwa zimeharibika, zilizo tupu na zenye utata zikaguliwe upya na hesabu irudiwe. Kwa kuwa sheria za nchi hiyo ziliiachia kazi bunge lenyewe kuthibitisha uhalali wa wajumbe wake, ombi hilo lilikwenda kwa wabunge waliokuwa wamechaguliwa katika uchaguzi huohuo. Kamati yao iliona hoja ina msingi, ikapendekeza kura zihesabiwe upya, lakini kikao cha bunge zima kikakataa. Miongoni mwa waliokata shauri walikuwemo wabunge wa jimbo lilelile alilogombea, ambao viti vyao vingeweza kuponyoka endapo hesabu ingebadilika.

Ni rahisi kusema kwamba hiyo ni kesi ya nyani kupelekewa ngedere, na kwa sehemu kubwa ndivyo ninavyoamini. Hata hivyo, utaratibu huu haukuanzishwa kwa hila. Mwaka 1604, chini ya Mfalme James wa Kwanza, mahakama ya Chansela nchini Uingereza ilitengua ushindi wa Francis Goodwin katika jimbo la Buckinghamshire, na Baraza la Makabwela likakataa katakata, kwa sababu lilifahamu kwamba mfalme akiweza kuamua kupitia mahakama zake nani aingie bungeni, basi bunge lenyewe limekuwa lake. Hofu hiyo haijapitwa na wakati. Mahali ambapo majaji huteuliwa na kuondolewa na rais apendavyo, kulipokonya bunge mamlaka haya kunaweza kuwa kumkabidhi rais orodha ya wabunge.

Tatizo ni kwamba ngao hiyo hugeuka kwa urahisi kuwa silaha ya walio wengi. Baada ya uchaguzi wa 1984 katika jimbo la nane la Indiana, nchini Marekani, Richard McIntyre wa chama cha Republican alitangazwa mshindi, lakini Baraza la Wawakilishi, lililokuwa mikononi mwa Democrats, lilikataa kumwapisha. Likaunda kamati ya watu watatu, wawili wa Democrats na mmoja wa Republican, ikahesabu upya na kumpa Frank McCloskey ushindi wa kura 4, huku kura kadhaa za waliopiga bila kufika vituoni zikiachwa bila kufunguliwa. Mei 1985 Baraza lilimkubali McCloskey kwa kura 236 dhidi ya 190, na wabunge wa Republican wakatoka ukumbini. Inawezekana kabisa kwamba McCloskey alishinda kihalali. Kinachosikitisha ni kwamba hakuna aliyeweza kuthibitisha hivyo kwa namna ambayo upande wa pili ungeiamini.

Kwa kura za urais, ambazo Bunge la Marekani huzihesabu rasmi, sheria ya Marekani ya 1887 iliruhusu mjumbe mmoja wa kila baraza kusimamisha hesabu kwa pingamizi la maandishi, kisha kila baraza likajadili kwa muda usiozidi saa mbili. Baada ya Januari 2021, wafuasi wa Donald Trump walipovamia jengo la Bunge wakati wa hesabu hiyo, Bunge lilibadili sheria mwaka 2022, na sasa pingamizi linahitaji saini za moja ya tano ya wajumbe wa kila baraza. Wapo wanaolalamika kwamba sauti ya wachache imezibwa, nami naona lalamiko hilo lina uzito. Lakini mjadala wa saa mbili, usio na shahidi wala hati ya kuchunguzwa, hauwezi kugundua wizi wa kura hata kama upo.

Uingereza yenyewe ilizikabidhi kesi za ubunge kwa majaji mwaka 1868, ingawa majaji walilalamika kwamba wangeburutwa katika siasa. Ujerumani imechagua njia ya kati: Bundestag, yaani bunge la nchi hiyo, huamua kwanza, kisha asiyeridhika huenda Mahakama ya Katiba. Katika uchaguzi wa Septemba 2021 mjini Berlin, baadhi ya vituo viliishiwa karatasi za kura na watu wakaendelea kupiga kura baada ya saa ya kufunga. Bundestag iliamuru marudio katika vituo 431, Mahakama ikaongeza hadi 455, na kura zikarudiwa Februari 2024, zaidi ya nusu ya muhula wa miaka minne ikiwa imekwisha.

Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, ilipompa haki Mugemangango mwaka 2020, haikuyapokonya mabunge kazi hii. Ilidai mwamuzi asiyependelea, vigezo vinavyojulikana mapema na uamuzi wenye sababu. Mimi ningeongeza sharti la nne, yaani muda maalumu ulioandikwa katika sheria, kwa bunge na kwa mahakama pia, ili mwenye kiti halali akikalie wakati bado kuna miswada ya kupigia kura.