Kiti Kisicho na Mtu wa Kushikilia: Bunge la New Hampshire Wakati wa Korona

Tarehe 6 Januari 2021, Baraza la Wawakilishi la jimbo la New Hampshire, kaskazini mashariki mwa Marekani, lilikutana kwenye uwanja wa kuegesha magari. Wawakilishi walibaki ndani ya magari yao katika baridi ya Januari, wakisikiliza mjadala kwa redio ya gari. Ajenda kubwa ya siku ile ilikuwa kumchagua Spika, kwa sababu Spika waliyemchagua mwezi mmoja kabla alikuwa ameshafariki. Dick Hinch, mwenye umri wa miaka 71, alichaguliwa Desemba 2, 2020 kwenye kikao cha nje katika viwanja vya Chuo Kikuu cha New Hampshire, mjini Durham. Desemba 9 alikuwa maiti. Mganga mkuu wa jimbo anayechunguza vifo alithibitisha kwamba ni UVIKO-19. Aliishika nafasi ile siku saba tu.

Picha ya magari yale ilizunguka dunia nzima na watu wakaisahau. Kilichokuja baada yake hakikusambaa sana, nacho ndicho kinachonishughulisha hadi leo. Februari 2021 wawakilishi saba wa chama cha Democratic walimshtaki Spika mpya, Sherman Packard, katika mahakama ya shirikisho. Walikuwa watu wenye maradhi mazito au ulemavu, ambao daktari yeyote angewaambia wasiingie kwenye ukumbi uliojaa watu msimu ule. Waliomba jambo moja: wahudhurie vikao na kupiga kura kwa njia ya mtandao. Aliyetangulia kwenye orodha ya walalamikaji ni Renny Cushing, kiongozi wa wachache barazani, aliyekuwa akiishi na saratani ya tezi dume iliyokwisha kusambaa.

Mwitikio wa watu wengi ulikuwa mwepesi na mkali. Muuza duka anakwenda kazini, muuguzi anakwenda, dereva wa basi anakwenda. Mheshimiwa ni nani hata apige kura akiwa kitandani? Sisi tuliofuatilia Bunge la bajeti Dodoma mwaka 2020 tunaujua mwitikio huo. Kati ya Aprili 20 na Mei 1 walifariki wabunge watatu, Getrude Rwakatare, Richard Ndassa na Augustine Mahiga aliyekuwa Waziri wa Katiba na Sheria. Serikali haikusema ni korona, lakini hofu ilitanda. Chadema ikawataka wabunge wake wakae kando siku 14, naye Spika Job Ndugai akawataka warudi ukumbini na warejeshe posho za siku wasizohudhuria. Wako waliounga mkono agizo lile kwa moyo mweupe: anayelipwa kodi ya wananchi afike kazini. Hoja hiyo ina uzito, nami sitaki kuipuuza. Ila naona inamtazama mbunge kama mwajiriwa, na hapo ndipo hesabu inapoharibika.

Muuza duka akiugua, mwenye duka anamweka mwingine. Muuguzi akiwekwa karantini, zamu yake inashikwa na mwenzake, hata kama ni kwa taabu. Kiti cha mwakilishi hakina mtu wa kukishikilia. Asipokuwapo, kura yake haihamii kwa mtu, inapotea. Pamoja nayo inapotea sauti ya watu waliomtuma, ambao hawakuugua na hawakukosa lolote.

Watu hao ni wangapi? New Hampshire ina wawakilishi 400 katika jimbo ambalo sensa ya 2020 ilihesabu watu 1,377,529. Ni wastani wa watu 3,444 kwa kila mwakilishi mmoja. Jimbo la ubunge Tanzania kwa wastani lina zaidi ya watu laki mbili. Kule mwakilishi ni jirani kabisa, mtu anayekutana na wapigakura wake posta na kanisani. Na mshahara wake ni dola 100 kwa mwaka, kiwango kilichoandikwa kwenye katiba ya jimbo mwaka 1889 na kisichoguswa tangu hapo.

Dola mia kwa mwaka si mshahara wa kulea watoto. Kijana mwenye kazi ya kutwa hawezi kuacha ajira akakae vikaoni, kwa hiyo viti vingi vinakaliwa na wastaafu. Jimbo limejijengea, kwa uamuzi wake lenyewe, baraza la wazee. Halafu ukaja ugonjwa unaowaonea wazee kuliko watu wote. Ukiamuru baraza la namna hiyo likae pamoja kimwili katikati ya wimbi la maambukizi, unajua mapema ni nani watakaobaki nyumbani. Hinch mwenyewe alikuwa Republican, chama kile kile kilichokataa njia ya mtandao. Virusi havikuuliza kadi ya chama.

Kuna hesabu nyingine ambayo siwezi kuiacha. Katiba ya New Hampshire inasema zaidi ya nusu ya wawakilishi inatosha kuwa akidi, yaani idadi ya chini ya kikao halali, lakini ikiwa waliohudhuria hawafiki theluthi mbili ya waliochaguliwa, basi uamuzi wowote unahitaji kuungwa mkono na theluthi mbili ya waliopo. Katika baraza la watu 400 mpaka huo ni watu 267. Kwa hiyo kutokuwapo kwa watu kunaweza kubadili kanuni yenyewe ya ushindi, mbali na kupunguza idadi ya kura. Waasisi wa katiba ile walijua kwamba viti vitupu vina nguvu.

Tena mambo makubwa ya jimbo lile yamewahi kuamuliwa kwa uzi. Chukua jambo ambalo Cushing alilipigania maisha yake yote. Mwaka 1988 baba yake aliuawa kwa risasi mlangoni pa nyumba yao mjini Hampton, naye badala ya kudai muuaji anyongwe, alitumia miongo mitatu kupinga adhabu ya kifo. Mei 2019 Gavana Chris Sununu alitumia kura ya turufu dhidi ya muswada wa kuifuta adhabu hiyo, na ili kuishinda turufu ilihitajika theluthi mbili ya waliopiga kura. Baraza la Wawakilishi lilipiga kura 247 kwa 123. Jumla ni 370, na theluthi mbili yake ni 246 na ushee. Walihitaji 247, wakapata 247.

Sasa watoe wawili. Wawakilishi wawili wa upande wa ndiyo wangebaki nyumbani siku ile kwa sababu mapafu yao hayaruhusu kuingia ukumbini, kura zingekuwa 245 kati ya 368, na theluthi mbili ya 368 ni 245 na ushee. Muswada ungekufa. Kisha ukaenda Seneti yenye watu 24, ukapita kwa 16 dhidi ya 8, tena hakuna kura hata moja ya ziada. Adhabu ya kifo ilifutwa New Hampshire kwa sababu watu kadhaa waliweza kuamka asubuhi na kufika. Walioshtaki mwaka 2021 walikuwa saba. Wanaosema kesi yao ilikuwa ya starehe za watu wachache naomba waipitie tena hesabu hii, taratibu, kwa kalamu na karatasi.

Upande wa pili una hoja zake, na mbili kati yake nazichukulia kwa uzito mkubwa.

Ya kwanza ni ya asili ya bunge lenyewe. Bunge ni watu kukutana. Muswada unarekebishwa mlangoni, kwenye korido, kwenye meza ya chai. Mtu anabadili msimamo kwa kumtazama mwenzake machoni. Anayepiga kura akiwa sebuleni kwake, nani ajuaye aliyesimama nyuma ya kompyuta akimwelekeza? Mwananchi akija ukumbini anawaona wote; kwenye skrini anaona vidirisha. Mabunge mengine ya Marekani yaliifuata hoja hiyo kwa njia zao: la Virginia liliketi chini ya hema, la Arkansas kwenye uwanja wa mpira wa kikapu. New Hampshire nayo ilihangaika kutafuta nafasi, kutoka kwenye maegesho hadi kwenye jengo la michezo huko Bedford Februari 2021, ambako viti vilitenganishwa. Si kweli kwamba uongozi haukufanya kitu.

Ya pili ni nzito zaidi. Nani ana mamlaka ya kuliambia bunge liketi namna gani? Kinga ya wabunge dhidi ya mahakama ina mizizi katika ugomvi wa Bunge la Uingereza na wafalme, na Sheria ya Haki ya 1689 iliiandika wazi: yanayosemwa na kutendwa bungeni hayahojiwi mahakamani. Jaji akiweza leo kumwamuru Spika aweke mtandao, kesho jaji mwingine ataweza kumwamuru abadili kanuni za mjadala. Sisi tunaotoka mahali ambapo mhimili mmoja umewahi kuuelemea mwingine hatuna sababu ya kuicheka hofu hiyo.

Kinga hiyo inakata pande zote mbili, tena kwa haki. Mei 2020 Baraza la Wawakilishi la taifa, kule Washington, liliruhusu mbunge asiyeweza kufika amkabidhi mwenzake kura yake. Kevin McCarthy, kiongozi wa Republican wakati ule, alikwenda mahakamani kuupinga utaratibu huo. Mwaka 2021 mahakama ya rufaa ilimjibu kwamba hayo ni mambo ya ndani ya bunge. Ngao iliyowazuia wagonjwa wa New Hampshire ndiyo aina ya ngao iliyowalinda wagonjwa wa Washington.

Kwa hiyo sishangai kwamba wale saba walishindwa. Walitegemea sheria ya shirikisho ya watu wenye ulemavu ya 1990 na nyingine ya 1973, na jaji wa kwanza aliwakatalia ndani ya mwezi huohuo wa Februari, akisema Spika ana kinga. Aprili jopo la majaji wa rufaa likawapa ushindi. Kisha mahakama hiyo ya rufaa, safari hii ikiketi kwa wingi wake, ikaurudisha uamuzi wa mwanzo mnamo Machi 2022. Mahakama iliogopa kuvuka mstari, na mstari ule unastahili kuogopwa.

Lakini kujua kwamba jaji hawezi kukulazimisha hakujibu swali la kama unatenda haki. Hapa ndipo wengi wanaoitetea New Hampshire wanapochanganya mambo mawili: wanauchukua uamuzi wa mahakama kama cheti cha usafi. Mahakama ilisema jambo hili ni la Baraza lenyewe. Sawa. Basi tuliulize Baraza.

Na Baraza halikuwa na kizuizi cha katiba. Novemba 2020, kabla Hinch hajachaguliwa, majaji wa Mahakama ya Juu ya jimbo waliombwa ushauri wakajibu kwamba kikao cha mtandao hakivunji kifungu cha akidi. Teknolojia pia ilikuwapo: Seneti ya jimbo hilohilo ilikuwa ikiendesha vikao vyake kwa Zoom, na kamati za Baraza lenyewe zilisikiliza wananchi kwa njia hiyohiyo. Mwakilishi aliaminiwa kumhoji shahidi akiwa nyumbani, ila hakuaminiwa kutamka ndiyo au hapana. Kilichobaki ni kura ya kubadili kanuni, na wenye wingi waliikataa. Wingi huo wa Republican ulikuwa wa viti 213 kwa 187. Sisemi walifanya hivyo ili wapinzani wagonjwa wasifike, kwa sababu sioni ndani ya mioyo ya watu, na hata upande wao wazee walikuwa wengi. Nasema tu kwamba mwenye viti 213 anapoandika masharti ya mahudhurio kwa mwenye 187, wakati baadhi ya hao 187 hawawezi kuyatimiza bila kuhatarisha uhai, anapaswa kujieleza kuliko kawaida. Maelezo niliyoyasoma yalihusu ugumu wa kuwaweka watu 400 kwenye skrini.

Hakuna aliyeomba watu 400 kwenye skrini. Walioshtaki ni saba. Tuseme wangefikia thelathini, kila mmoja na barua ya daktari wake. Karani anawaita kwa majina baada ya ukumbi kumaliza kupiga kura, nyuso zao zinaonekana ukutani, kila mmoja anatamka kura yake na inaandikwa kwenye kumbukumbu rasmi za siku mbele ya wote. Anayeogopa kwamba kuna mtu nyuma ya kompyuta amwombe mwenzake ageuze kamera. Wenye afya wanaendelea na korido zao na chai yao, na hoja ya kukutana ana kwa ana inabaki imesimama.

Utaratibu huo haukuwekwa. Cushing alifariki tarehe 7 Machi 2022, akiwa na miaka 69. Kabla mwezi ule haujaisha, mahakama ya rufaa ilitoa uamuzi wake wa mwisho kwenye kesi yenye jina lake.